Maswali ya Mzee wa Bambo

Siku matokeo yalipotoka nilikuwa nimekaa juu ya magunia matupu nyuma ya ghala, mahali pekee pale kazini ambapo simu yangu hukamata mtandao wa kueleweka. Takwimu: sapu, yaani nirudie mtihani. Masomo mengine yote nilikuwa nimefaulu, mawili kwa alama za kujidai. Nilifungua ukurasa ule mara tatu, nikitumaini labda namba ya usajili ni ya mtu mwingine. Ilikuwa yangu.

Kufeli kunauma, lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba hakuna somo nililokuwa nimelikusanyia zana kama lile. Vitabu sita vya takwimu vilikuwa ndani ya simu. Notisi za walionitangulia, pasti pepa za miaka minne, video zaidi ya hamsini nilizozishusha kwa bando la usiku, nikiwa nimetega kengele kama mtu anayeamka kula daku. Makundi matatu ya WhatsApp. Programu ya akili mnemba iliyokuwa ikinijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Wiki moja kabla ya mtihani, mtu angeniuliza kama takwimu naijua, ningemwonyesha simu.

Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Newala. Kuanzia Oktoba mpaka msimu unapokatika napokea magunia kutoka vyama vya msingi vya ushirika, naandika uzito, natoa karatasi. Shahada naisoma kwa masafa, usiku na mwisho wa wiki, na mitihani nashuka kuifanyia Mtwara mjini. Nasema kushuka kwa maana yake halisi. Sisi tuko juu ya uwanda wa Makonde. Juni na Julai tunavaa masweta wakati watu wa Shangani ya Mtwara wanaoga baharini, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Mwalimu aliyenifundisha takwimu sijawahi kumwona ana kwa ana.

Siku ile juu ya magunia nilifikiria karatasi ninazotoa. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na korosho za mkoa wetu ndizo zilizotangulia kuingia kwenye mfumo huo mwaka 2007. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, anaondoka na karatasi. Benki inaiheshimu karatasi ile, mnunuzi anaiheshimu, kwa sababu nyuma yake kuna gunia ambalo ukienda utalikuta. Karani akitoa stakabadhi isiyo na mzigo anafungwa. Mimi nilikuwa na karatasi za kujaza kabati, na ghalani hamna hata punje.

Pale ghalani kuna mzee anayepima ubora. Sote tunamwita babu, ingawa wajukuu halisi anao wengine. Kazi yake ni bambo. Kwa ambaye hajakaa karibu na maghala: bambo ni kijibomba cha chuma chenye ncha, unachoma nacho gunia, korosho chache zinateleza ndani yake, unazitoa bila kulifungua gunia. Anachoma hapa, anachoma pale, juu, katikati, chini, anachanganya, anagawa fungu, kisha anahesabu korosho ngapi zinatimiza kilo na anazikata kuona viini. Kutoka hapo mzigo mzima unajulikana una hadhi gani. (Ubora wa viini mpaka leo huelezwa kwa ratili katika gunia la kilo 80. Ratili na kilo katika kipimo kimoja! Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini haijabadilishwa.)

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona uso kama uliyepuliziwa salfa?"

"Nimefeli chuo. Somo moja. Takwimu."

"Ndiyo nini?"

Nikamtolea maana yake kwa Kiingereza, kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Akanisubiri. Nikajaribu Kiswahili, nikababaika, mwishowe nikasema ni namna ya kukijua kitu kikubwa kwa kukiangalia kidogo.

Akaniinulia bambo. "Hii?"

Sikuwa nimewahi kuwaza hivyo. Miaka mitatu naandika kwenye leja hesabu zinazotoka kwenye bambo lile, na miezi minne nilikuwa nikisoma sura nzima ya sampuli, na vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwangu.

"Haya niambie," akasema. "Lundo hili lina magunia mia tano. Lile la kule elfu tano. Kule nichome mara kumi zaidi?"

"Ndiyo, babu."

Alicheka mpaka akakaa. "Ningekuwa bado nachoma mpaka leo."

"Kwa nini basi isiwe mara kumi?"

"Mimi najua haihitajiki. Kwa nini, hilo ni lako wewe unayesoma."

Jioni ile nilifungua vitabu vile vile nikiwa na kitu ambacho sikuwahi kwenda nacho: swali. Jibu lilikuwemo katika vyote sita. Katika kimoja lilikuwa kwenye ukurasa niliokwisha kuupaka rangi ya njano mwenyewe. Ukubwa wa lundo karibu hauna neno, maadamu sampuli ni sehemu ndogo ya lundo na umechoma bila upendeleo. Kinachoamua ni mambo mawili: korosho zenyewe zinatofautiana kiasi gani, na umechukua sampuli ngapi. Niliyasoma maneno hayo, nikayaelewa, na nikajishuku. Mara ngapi nimeyasoma na kuyaelewa?

Basi nikafanya jambo lililowapa majirani la kusema kwa wiki nzima. Mama alikuwa na magunia matatu ambayo hayajapelekwa chamani. Niliazima mizani ndogo, nikatandika mkeka uani, nikawa nachota kilo moja, sehemu tofauti za magunia, nahesabu korosho moja moja. Kilo ya kwanza korosho 188. Ya pili 203. Kisha 194, 179, 196. Jirani akapita akamuuliza mama kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna usalama. "Anasoma chuo," mama akamjibu, kwa namna ambayo haikumpa jirani utulivu wowote.

Wastani wa kilo zile tano ni 192. Nilichora jedwali kwenye daftari la mistari: kila kilo iko mbali na 192 kwa kiasi gani, nikazidisha tofauti kwa yenyewe, nikajumlisha, 326, nikagawa kwa 4, nikatafuta kipeuo cha pili. Karibu 9. Huo ndio mkengeuko, jinsi kilo moja inavyotawanyika kutoka kwenye nyingine. Lakini wastani wenyewe unayumba kwa kiasi gani? Unagawa ile 9 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli: kwa kilo tano inakuja 4. Nikaendelea kuhesabu, watoto wa kaka yangu wakinisaidia kwa malipo ya andazi, mpaka zikatimia kilo 20. Mtawanyiko ulibaki pale pale, karibu 9. Kuyumba kwa wastani kukashuka kuwa 2.

Nikamweleza mama. Kazi imekuwa mara nne, kosa limepungua nusu tu.

"Na ukitaka lipungue nusu tena?"

"Kilo themanini."

"Yaani gunia zima, moja moja."

"Ndiyo."

"Hapana," mama akasema, akakunja mkeka.

Kesho yake nilimpelekea babu jibu. Hakushangaa hata kidogo, na hilo liliniudhi kidogo. Alitikisa kichwa cha kukubali, kisha akaniuliza swali lingine: kama sampuli kumi zinatosha korosho za kijiji kimoja, je, mzigo uliochanganywa kutoka vijiji vitatu? Sikujua. Nikarudi kwenye vitabu. Tukaenda hivyo msimu mzima, yeye akiuliza huku anakata korosho, mimi nikikimbizana na majibu.

Baadaye nilikuja kusoma maelezo ya Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeandika mwaka 1975 kuhusu watu wazima wanaojiongoza katika kujifunza. Anasema mtu anaanza mwenyewe, kwa msaada wa wengine au bila msaada, kubaini anachokihitaji, kujiwekea malengo, kutafuta nyenzo za watu na za vitu, kuchagua njia na kuifuata, na kupima alichopata. Nilihesabu hatua zile kwa vidole. Mimi nilikuwa nimefanya moja tu, ya kutafuta nyenzo, nikairudia mara mia. Na hata hiyo niliikata nusu, maana nyenzo za watu niliziruka. Mwanzo, pale pa kujiuliza sijui nini, sikupagusa. Mwisho, pale pa kujipima, niliuachia mtihani.

Simu inaifanya hatua ile ya katikati iwe rahisi mno, na hapo ndipo penye mtego. Kushusha faili kunachosha kidogo, kunamaliza bando, kunachukua saa mbili za usiku; ukilala unalala kama mtu aliyepiga msuli. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena na tena. Kundi jingine lilikisoma, kisha likafunika karatasi na kujilazimisha kuandika linachokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: wao 40, wenzao 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Mistari ile niliisoma nikiona aibu, kana kwamba kuna mtu alinichungulia kwenye chandarua na taa ya simu yangu.

Kuna na suala la lugha, ambalo kwenye vikao vya wasomi huzungumzwa kisiasa, lakini mimi nalizungumza kama karani. Chuo nasoma kwa Kiingereza. Kiingereza changu si kibaya. Ni kizuri kiasi cha kunificha. Naweza kuandika aya nzima kuhusu sampuli, sarufi ikakaa sawa, na ndani yake nisiwe na kitu. Neno geni linakubeba kama mtumbwi, unavuka huku hujui kina cha maji. Kwa Kiswahili, mbele ya mzee mwenye bambo mkononi, mtumbwi huo haupo. Nikisema "mtawanyiko" ananiuliza nini kimetawanyika, kutoka wapi. Sisemi vyuo vibadilishe lugha kesho asubuhi. Nasema mimi, tangu hapo, sikubali kwamba nimeelewa kitu mpaka nikiseme kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hajakisoma.

Wanawake wenzangu wa huku watalielewa hili upesi. Mwali hapewi kitabu. Anapewa somo, na somo ni mtu. Yanayosemwa ndani hayasemwi hapa, mniwie radhi, ila hili si siri: unaimbiwa, unapewa fumbo, kisha fumbo linakurudia na wewe ndiye unayetakiwa kulifumbua. Kiswahili kimetumia neno moja kwa mtu yule na kwa kile kinachofundishwa darasani, na sidhani kama kilikosea.

Bibi yangu mzaa mama hakumaliza hata darasa la nne, lakini alisoma kwa teknolojia kabla yangu. Mwaka 1973 ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya, watu takriban milioni mbili nchi nzima wakiwa kwenye vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Redio inasema, inazimwa, kiongozi wa kikundi anafungua kitabu, mjadala unaanza, na mjadala ukiisha kuna kazi ya mikono: shimo la choo, kusafisha kisima, kufyeka. Nilimuuliza bibi anakumbuka nini redioni. Hakukumbuka hata sentensi moja. Alikumbuka ugomvi: mwanaume fulani aliyesema mbu hawana kosa, na jinsi wanawake walivyomzunguka kwa maswali mpaka akachimba shimo la kwanza yeye mwenyewe. Redio ilikuwa moja kwa watu wote wale. Mimi nilikuwa na simu peke yangu, na earphone masikioni.

Nikiwa bado na habari za redio kichwani nikakutana na maisha ya Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyetengeneza Moodle, mfumo ambao vyuo vingi duniani vinautumia kuweka masomo mtandaoni tangu toleo lake la kwanza mwaka 2002. Utoto wake ulikuwa jangwani, Australia Magharibi, na shule aliisoma kwa redio ya mawimbi mafupi. Nilimwambia bibi. Akasema, "Basi ni mwenzetu."

Mei 2024 nilikuwa najiandaa na sapu. Mwanzo wa mwezi kimbunga Hidaya kilipita pwani, mafuriko yakakata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Kama wiki moja baadaye, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilizo chini ya bahari zikakatika, na nchi kadhaa za ukanda wetu zikabaki na mtandao wa kukohoa. Kuna watu hupenda kusimulia siku kama hizo kwa mahaba, eti walirudi kwenye utulivu. Mimi sikutulia. Kuna mazoezi nilikuwa nimeyaacha mtandaoni bila kuyashusha, na nilitukana bahari nisiyoiona. Kilichoniokoa ni daftari la korosho, na watu wawili: dada mmoja wa Masasi na kaka mmoja wa Lindi, nao walikuwa na sapu ile ile. Tulikuwa tumejuana kwenye kundi la WhatsApp ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kurushiana mafaili na kutakiana Ijumaa njema. Mtandao ulipokufa tukaanza kupigiana simu ya kawaida, saa tatu usiku, kila mmoja ana maswali mawili ya kumuuliza mwenzake na haruhusiwi kuangalia popote. Dakika ishirini. Kaka wa Lindi alikuwa anapenda kudesa, hilo alikiri mwenyewe, na simu zile zilimvua nguo usiku wa kwanza. Usiku wa pili alikuja na maswali magumu kutuzidi sote.

Mtandao uliporudi hatukuacha. Na ile programu ya akili mnemba nikaigeuzia kazi. Zamani niliiuliza, inajibu, nashukuru, nalala. Sasa nikaiambia: usinipe jibu, niulize wewe, swali moja moja, na nikikosea usinirekebishe mpaka nijaribu tena. Kwa hilo inafaa sana. Haichoki na hainicheki kama babu. Ila kuna siku niliipa zile hesabu zangu tano, ikaniambia kwa kujiamini kwamba wastani ni 194. Ningeipokea 194 mwaka uliotangulia bila kupepesa. Safari hii korosho zile nilikuwa nimezishika kwa mikono.

Sitaki mtu asome haya akadhani dawa ya kila kitu ni kuuliza maswali. Dada wa Masasi ana watoto wawili na maji anayafuata mbali. Zile dakika ishirini alikuwa anazipata kwa kumlaza mtoto mgongoni. Anayesema kujiongoza ni tabia tu ya mtu, ahesabu kwanza saa za mtu huyo zinaliwa na nini.

Mtihani niliufanya Mtwara. Basi la alfajiri kupitia Tandahimba, vumbi, mwanafunzi mmoja pembeni yangu akifunua notisi kwenye simu kwa kasi ya mtu anayetafuta pesa iliyopotea. Swali la tatu lilikuwa la sampuli. Niliandika kwa Kiingereza, lakini kichwani nilimsikia babu akicheka. Nikapata B.

Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi anaweza kuweka bei akiwa mbali, na mkulima anafuatilia kwenye simu. Siku moja nilimwonyesha babu ukurasa wa mnada. Aliushika mbali kidogo na macho, akauangalia kwa muda mrefu.

"Huyu anayenunua hajaziona korosho?"

"Hajaziona. Anasoma vipimo tu."

"Vipimo vyangu."

"Ndiyo, babu."

Akanirudishia simu, akageuka kuliangalia lundo. Magunia ya safu ya chini kabisa, yaliyobanwa na ukuta wa nyuma, hayaonekani kwa macho wala bambo haliyafikii mpaka yote ya juu yashushwe.

"Yale pale," akasema, "mimi sijawahi kuyachoma hata siku moja. Nayajuaje?"

Nilitoa daftari, nikaliandika.